John Everett Dutton, munganga wa malale aliyezikwa Kasongo

Ukifika sokoni hapa Bukavu na kuuliza nyama ya ng'ombe imetoka wapi, watu watakutajia Kalehe, Masisi, ao milima ya juu ya Minembwe. Ni shida kumpata atakayekutajia Shabunda ao Pangi. Wengi wanasema ni juu ya msitu, barabara mbaya na vita. Ni kweli, lakini kuna sababu nyingine ya zamani kuliko vita vyote tunavyovikumbuka. Ni nzi. Wengine wanamwita mbung'o, wengine tsetse. Pale anapoishi kwa wingi, ng'ombe hadumu.

Kati ya watu waliosaidia kuelewa ugonjwa unaobebwa na nzi huyo, mmoja amezikwa hapa kwetu mashariki. Ni John Everett Dutton, munganga Mwingereza. Alikufa Kasongo, jimbo la Maniema la leo, tarehe 27 mwezi wa pili mwaka 1905, akiwa na miaka 30. Huko kwa wenye elimu ya wadudu jina lake linajulikana dunia nzima, lakini kwetu wengi wanapita Kasongo bila kujua.

Kijana wa Liverpool

Dutton alizaliwa mwaka 1874 katika eneo la Cheshire, Uingereza, karibu na Liverpool. Akasomea uganga katika mji huo. Liverpool ilikuwa bandari ya meli nyingi zilizofanya biashara na Afrika Magharibi, na mabaharia na wafanyabiashara walikuwa wanarudi na homa ambazo waganga wao hawakuzijua. Ndiyo maana mwaka 1898 ikafunguliwa pale shule ya magonjwa ya nchi za joto. Dutton akaingia kazi katika shule hiyo. Mwaka 1900 alikuwa tayari Nigeria na wenzake, wakichunguza malaria na minyoo ya damu inayoletwa na mbu.

Wakati huo ugonjwa wa mifugo ulikuwa umeshapata jibu la kwanza. Mwaka 1895, kule Zululand, Afrika Kusini, munganga wa jeshi David Bruce alionyesha kwamba ng'ombe na farasi waliokonda na kufa kwa ugonjwa ulioitwa nagana walikuwa na mdudu mdogo sana katika damu, na kwamba mbung'o ndiye aliyemleta. Mdudu huyo ni tripanosoma. Kwa jicho tupu haonekani. Kwa mikroskopi unamwona akijikunja na kusukuma chembe za damu huku na kule, sawa na samaki mdogo katika maji machafu. Lakini wote walifikiri ni ugonjwa wa wanyama tu.

Farasi wa Gambia

Mwaka 1901 Dutton alitumwa Gambia peke yake. Munganga wa pale, Robert Forde, alikuwa na mgonjwa mmoja Mwingereza, kapiteni wa mashua ya serikali katika mto Gambia. Homa yake ilikuwa inakuja na kwenda, na dawa ya malaria haikufanya kitu. Katika damu yake Forde alikuwa ameona vitu vinavyotembea, akadhani ni minyoo. Mwezi wa kumi na mbili Dutton akatazama naye, akatambua: ni tripanosoma, ile jamii inayoua ng'ombe wa Zululand, na sasa iko ndani ya mtu. Mwaka 1902 akaipa jina Trypanosoma gambiense. Ndiyo ile inayoleta malale kwetu Congo mpaka leo.

Dutton hakusimama pale. Alirudi Gambia mwaka 1902 pamoja na John Lancelot Todd, munganga kijana kutoka Kanada. Safari hii walitoboa masikio ya watu, na ya farasi vilevile, wakitafuta mdudu katika tone la damu. Wakamwona kwa farasi wengi waliokonda. Alionekana kwa maumbo mawili, mrefu na mfupi, ndiyo maana akaitwa dimorphon. Baadaye wataalamu waliona kwamba chini ya jina hilo moja kulikuwa kumechanganyika aina zaidi ya moja.

Jambo hilo si la wasomi tu. Mfugaji anapaswa kujua kwamba tripanosoma si mmoja. Kuna anayeua mtu, kuna anayeua ng'ombe, na wote wanaweza kubebwa na mbung'o. Yule anayeua ng'ombe wengi zaidi katika Afrika alielezwa mwaka 1904 na Alphonse Broden, munganga Mbelgiji aliyefanya kazi Léopoldville, Kinshasa ya leo. Amepewa jina la nchi yetu: Trypanosoma congolense.

Safari ya Congo

Mwezi wa tisa mwaka 1903 Dutton, Todd na mwenzao Cuthbert Christy walifika Boma. Malale ilikuwa inamaliza vijiji. Upande wa Uganda, kandokando ya ziwa Victoria, watu walikuwa wanakufa kwa maelfu na maelfu. Congo wakati huo ilikuwa mali ya Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Alitaka mpira na pembe za tembo, na wagonjwa hawawezi kuvuna mpira. Kwa hiyo alikubali waganga wa Liverpool waingie. Lakini mpira wenyewe ulikuwa umewakimbiza watu msituni na kuwasukuma toka mto hadi mto, na ugonjwa ukawafuata.

Waganga hao walifanya kazi kwanza Léopoldville, kisha mwaka 1904 wakaanza kupanda mto. Kila kijiji walisimama, wakawapanga watu, wakawashika shingo. Waliona kwamba mtu mwenye tezi zilizovimba shingoni mara nyingi ana mdudu, hata kama bado anatembea na kulima. Wakitoboa tezi na kutazama maji yake, mdudu anaonekana. Wazo hilo lilikuwa limeanza pia Uganda, lakini Dutton na Todd ndio waliolifanya njia ya kuchunguza vijiji vizima.

Kimputu

Mwisho wa mwaka 1904 walikuwa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Hapo wakakutana na homa nyingine. Wapagazi na wasafiri waliolala katika nyumba za njiani walikuwa wanashikwa na homa kali ya siku chache. Inaondoka, halafu inarudi. Wenyeji walishajua: walisema ni kimputu, yule papasi anayejificha katika nyufa za udongo na kutoka usiku kunyonya damu. Wazungu wengi waliona ni maneno ya kijiji tu.

Dutton na Todd walisikiliza. Wakakusanya papasi, wakawaweka wanyonye nyani wazima, na nyani wakashikwa na homa. Wakaona pia kwamba papasi wadogo waliotoka katika mayai ya mama mwenye ugonjwa wanaweza kuambukiza nao. Kwa hiyo nyumba yenye kimputu inabaki na hatari muda mrefu. Upande wa Uganda, Philip Ross na Arthur Milne walikuwa wamefikia jibu la kufanana mwaka huohuo bila wao kujua.

Lakini kazi hiyo iliwagharimu. Wote wawili walishikwa na homa ile waliyokuwa wanaichunguza. Todd alipona. Dutton aliendelea na safari kupanda mto, akiwa bado dhaifu, mpaka Kasongo, mji uliojulikana tangu siku za Tippu Tip. Hapo ndipo alipokufa. Umati mkubwa wa watu ulifika kwenye mazishi yake, na wengi wao walikuwa wagonjwa aliowatibu. Baada ya kifo chake, mdudu wa homa ya kimputu alipewa jina lake, Borrelia duttonii.

Kilichofuata

Todd alirudi Ulaya na makaratasi ya wote wawili. Mashauri yake yakachukuliwa na serikali: kufunga njia kati ya maeneo yenye ugonjwa na yasiyo nao, kupima shingo za wasafiri, kutenga wagonjwa. Kuanzia mwisho wa mwaka 1906 amri zikatoka. Kwa wazee wetu hiyo ilikuwa habari chungu. Mtu hakuweza kusafiri bila karatasi ya munganga. Wagonjwa walipelekwa kwa nguvu kwenye lazareti, na wengine hawakurudi. Dawa ya kwanza, atoxyl, ilisaidia wengine na kuwapofusha wengine. Dutton hakuyaona hayo. Lakini ni vizuri kusema ukweli: elimu iliyotoka katika tone la damu iliokoa maisha, na serikali ya wakoloni iliitumia pia kuwabana watu.

Kitu kingine ambacho Dutton hakukiona ni jibu la namna nzi anavyoambukiza. Mwaka 1909 Mjerumani Friedrich Kleine, upande wa Tanzania ya leo, alionyesha kwamba mdudu anakua kwanza ndani ya mbung'o kwa wiki kadhaa kabla nzi hajaweza kuambukiza. Nzi mmoja akishaambukizwa anabaki hatari maisha yake yote.

Tone la damu

Miaka zaidi ya mia imepita. Malale imepungua sana nchini, lakini haijaisha, na Maniema bado ni kati ya majimbo yanayofuatiliwa. Kwa mifugo hakuna chanjo mpaka leo, kwa sababu tripanosoma anabadilisha ngozi yake kila mara mwili unapoanza kumtambua. Wako ng'ombe wafupi wa Afrika Magharibi wanaoitwa N'Dama, wanaoishi na mdudu huyo bila kufa haraka. Hata huko Gambia, Dutton alikofanya kazi, wanafugwa. Ng'ombe wetu wa milimani hawana nguvu hiyo.

Kwa hiyo anayeshusha ng'ombe kutoka milimani kwenda kwenye msitu ao kando ya mito awaangalie: ng'ombe anayekonda ingawa anakula, homa inayokuja na kwenda, manyoya yaliyosimama, macho na fizi nyeupe kwa kukosa damu, ng'ombe jike anayetupa mimba. Wengi wetu tunakimbilia kumpiga sindano ya Bérénil, tena nusu ya kipimo ili dawa itoshe kundi lote. Hapo tunamfundisha mdudu kuzoea dawa. Kwanza aitwe munganga wa mifugo, damu itolewe sikioni, itazamwe kwa mikroskopi, kisha ng'ombe apewe kipimo kamili kulingana na uzito wake. Ndivyo Dutton na Todd walivyoanza kwa farasi wa Gambia: tone la damu kwanza.