Hector Malot, Mtunzi wa Mkiwa

Alfajiri katika mtaa wa Mowlem, si mbali na jaa la Dandora, huonekana wavulana wenye magunia mabegani wakiokota chuma na plastiki za kuuza. Wapita njia huwaita chokoraa, kisha hushika safari zao. Msomaji wa fasihi ya watoto anamjua mwenzao wa zamani: Rémi, mhusika mkuu wa riwaya ya Kifaransa Sans famille, iliyotungwa na Hector Malot.

Malot alizaliwa tarehe 20 Mei 1830 katika kijiji cha La Bouille, karibu na Rouen, na baba yake alikuwa mwanasheria wa kuthibitisha hati. Kijana alianza kusomea sheria, akaiacha kwa ajili ya kalamu. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1859, na hadi alipotangaza kustaafu mwaka 1895 alikuwa ametunga zaidi ya 60. Nyingi zilikuwa za watu wazima, na leo hazisomwi sana.

Iliyodumu ni ile ya watoto. Vita vya mwaka 1870 baina ya Ufaransa na Prussia viliivuruga kazi hiyo, ikaja kutoka mwaka 1878, naye akamtunukia binti yake Lucie. Rémi, mtoto wa kuokotwa, anakodishwa na mume wa mama mlezi wake kwa Vitalis, mzee anayezunguka nchi na mbwa watatu na kima, akicheza njiani apate riziki. Mzee anakufa kwa baridi usiku karibu na Paris. Mtunza bustani anamwokoa mtoto. Baadaye Rémi anaambatana na Mattia, mtoto wa Kiitalia aliyekuwa akipigwa na bwana wake asipoleta pesa za kutosha. Biashara hiyo ya watoto wapiga muziki ilikuwapo kweli, na Malot hakuipaka rangi. Hata nje ya vitabu hakuwapa kisogo waliokosa maskani: Jules Vallès alipokuwa uhamishoni London baada ya Komuni ya Paris ya 1871, Malot ndiye aliyemsaidia riwaya yake ichapishwe.

Hata hivyo, mwisho wa Sans famille unazua swali. Rémi anagundulika kuwa mwana wa mama tajiri wa Kiingereza, kana kwamba mapenzi ya njiani hayakutosha na damu ilipaswa kuja kuyahalalisha. Kinachoikomboa riwaya, kwa maoni yangu, ni kwamba Rémi anawakusanya wote waliomlea, akiwamo yule mama mlezi maskini, mezani pake.

Mfasiri wa Kiswahili angekumbana na ugumu jaladani. Wajapani waliiita kazi hii mtoto asiye na nyumba. Kwetu, Bila Familia ni sahihi lakini imepoa. Neno mkiwa lina nguvu zaidi, kwani humtaja aliyebaki peke yake, bila jamaa. Kinyume chake tumekwisha kukisikia Nairobi: mwaka 1973 Padri Arnold Grol, Mholanzi, alipoanzisha shirika la kuwasaidia wavulana waliokuwa wakiwaelekeza madereva kwenye maegesho ya mjini, liliitwa Undugu.

Malot alirudia mada hiyo mwaka 1893 katika En famille, safari hii akimfuata msichana, Perrine. Alifariki tarehe 17 Julai 1907 huko Fontenay-sous-Bois.