Ettore Bugatti: Alizipa rimu za spoti jina, lakini hakuanza na urembo

Barabara kuu ya Babati–Singida inapita Endasak, wilayani Hanang. Kwenye lami kama hiyo, gari la zamani lililowekwa rimu kubwa za spoti na kushushwa chini linageuza shingo za watu, hasa vijana. Mtindo umezoeleka, ila wachache wanamjua mtu aliyezipa rimu hizo umaarufu duniani, miaka 100 iliyopita.

Anaitwa Ettore Bugatti. Ndiyo, ni Bugatti hiyohiyo unayoiona mtandaoni ikiuzwa kwa mabilioni ya shilingi. Ila yeye rimu za alumini hazikumvutia kwanza kwa mng'ao. Alikuwa na tatizo la uzito na breki.

Mtoto wa mbunifu wa samani

Alizaliwa Milan, Italia, Septemba 15, 1881. Baba yake, Carlo, alikuwa mbunifu wa samani mwenye jina kubwa. Mdogo wake, Rembrandt, akawa mchongaji maarufu wa sanamu za wanyama. Ettore naye angeweza kubaki kwenye sanaa, lakini akili yake ilikuwa kwenye mashine.

Akiwa bado kijana mdogo aliingia kujifunza kazi katika kiwanda cha baiskeli cha Prinetti & Stucchi, hapohapo Milan. Hakuwa na shahada ya uhandisi. Mwaka 1901, akiwa hajafikisha hata miaka 20, gari alilolibuni lilipata tuzo kwenye maonyesho ya Milan.

Tuzo hiyo ilimfungulia milango. Kampuni ya De Dietrich ilimchukua, na baba yake ndiye aliyesaini mkataba kwa sababu kijana alikuwa chini ya umri wa kisheria. Akahamia Alsace, eneo lililokuwa chini ya Ujerumani wakati huo. Baadaye akafanya kazi na Deutz mjini Cologne, na mwaka 1909 akafungua kiwanda chake Molsheim, Alsace.

Siku rimu zilipolaumiwa bure

Agosti 3, 1924, Bugatti alipeleka gari jipya, Type 35, kwenye mashindano makubwa ya Lyon, Ufaransa. Watu walikodoa macho. Magari mengi ya mbio enzi hizo yalitumia magurudumu ya spoki nyembamba za waya. Yeye alikuja na rimu za alumini za kuyeyusha, zenye spoki nane bapa.

Hakuwa wa kwanza kuwa na wazo hilo. Mmarekani Harry Miller alishalifikiria kabla yake. Ila Bugatti ndiye aliyeliweka barabarani mpaka dunia ikaliona.

Siku hiyo mambo yalienda kombo. Tairi zilianza kubanduka mpira, na gari lake lililofanya vizuri zaidi lilimaliza nafasi ya 7. Ilikuwa rahisi kuzilaumu rimu mpya, lakini ishu ilikuwa kwenye tairi zenyewe: mpira haukuwa umeiva vizuri kiwandani.

Zilipopatikana tairi sahihi, Type 35 ikawa moto. Bugatti ilishinda Targa Florio ya Sicily miaka mitano mfululizo, 1925 hadi 1929, ikachukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1926, na mwaka 1929 ikashinda mbio za kwanza kabisa za Monaco. Ushindi wa Type 35, mkubwa na mdogo, unatajwa kuvuka 1,000.

Siri ilikuwa nini?

Uzito. Rimu, tairi na breki vinakaa chini ya springi. Vikiwa vizito, gurudumu likipiga shimo linaruka na kuchelewa kurudi chini. Likiwa hewani halishiki barabara, na breki hazina kazi.

Rimu ya Bugatti iliunganishwa na ngoma ya breki kama kitu kimoja. Joto la breki lilitoka haraka kupitia alumini. Ukifungua gurudumu, ngoma inatoka nayo, na fundi anaona breki palepale.

Gari lenyewe lilikaa chini, lakini si kwa kukata springi. Ekseli ya mbele ilikuwa na uwazi ndani, na springi zilipita katikati yake. Kila kimo kilipangwa tangu kwenye karatasi.

Miaka ya machungu

Bugatti hakupatia kila kitu. Gari lake kubwa la kifahari, Royale, lilitengenezwa mara 6 tu, na ni 3 tu yaliyopata wateja. Injini zake zikaishia kuendesha mabehewa ya treni za abiria. Kwenye breki za mafuta pia alikuwa mbishi. Magari yake ya kawaida yalizipata mwaka 1938, wakati wenzake wengi walishahama zamani.

Mwaka 1936 wafanyakazi waligoma. Aliumia sana, akahamia Paris na kumwachia mwanawe Jean kiwanda. Agosti 11, 1939, Jean alikuwa akijaribu gari la mbio karibu na Molsheim, akamkwepa mwendesha baiskeli, akagonga mti na kufa. Alikuwa na miaka 30. Wiki chache baadaye vita vya dunia vikaanza, na kiwanda kikaangukia mikononi mwa Wajerumani.

Ettore alifariki Agosti 21, 1947, akiwa na miaka 65. Alizikwa Dorlisheim, jirani na Molsheim.

Na gari lako je?

Chukua gari lenye tairi 185/70 R14. Ukuta wa tairi hilo ni kama milimita 130. Ukiweka rimu ya inchi 17 na tairi 205/45, duara lote linabaki karibu lilelile, ila ukuta unashuka hadi milimita 92. Karibu sentimita 4 zilizokuwa zinameza mashimo zimeondoka. Na rimu kubwa ya bei chee inaweza kuwa nzito kuliko ya chuma uliyoitoa, yaani kinyume kabisa na alichokitafuta Bugatti.

Ukikata springi juu ya hapo, shokapu inagonga mwisho kila tuta, na springi inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake gurudumu likining'inia. Ukiacha lami kuingia vijijini, hali ni mbaya zaidi. Rimu ya chuma ikipinda, fundi anaigonga inanyooka. Ya alumini inaweza kupasuka.

Kama bado unautaka mwonekano, panda inchi moja badala ya tatu. Pima uzito wa rimu mpya na ya zamani kabla hujalipa. Nunua springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hilo pamoja na shokapu zake, kisha pima alaimenti upya.

Halafu jaza watu watano, kata usukani mpaka mwisho kila upande na upite kwenye tuta. Tairi likigusa bodi, rudi kwa fundi kabla hujasafiri.