Walther Ritz na Siri ya Bamba Linalotetemeka

Wanafunzi wanaosoma karibu na Uwanja wa Ndege wa Moi, kule Changamwe, wanajua jinsi vioo vya madirisha vinavyonguruma ndege inapopaa. Ni wachache mno, nadhani, waliowahi kulisikia jina la Walther Ritz, ambaye bila yake mngurumo wa namna hiyo usingekadirika kwa hesabu tunazozitumia leo. (Asichanganywe na Luteni Reitz, yule aliyefariki mwaka wa 1824 akaiachia Port Reitz jina lake.)

Ritz alizaliwa mwaka wa 1878 mjini Sion, Uswisi, akiwa mwana wa mchoraji. Alisoma Zürich, kisha Göttingen, Ujerumani, alikopata shahada yake ya udaktari. Kifua kikuu kilimwandama angali kijana.

Chladni, mnamo karne ya 18, alikuwa amemwaga mchanga juu ya bamba, akapitisha uta wa fidla ukingoni mwake, na mchanga ukajipanga kwa michoro ya ajabu. Mlinganyo wa mitetemo ile ulipatikana baadaye. Jibu lake kwa bamba la mraba lililo huru kingoni likawashinda mabingwa kwa miongo mingi. Ritz hakulisaka jibu kamili. Alichukua maumbo mepesi aliyoyajua, akayajumlisha, kisha akatafuta kiasi cha kila moja kwa kanuni ya nishati ndogo kabisa. Michoro aliyoipata kwa kalamu ikalingana na ile ya mchanga!

Mwaka wa 1907 alishindania tuzo ya Chuo cha Sayansi cha Paris, wakapewa wengine. Naona hapo haki haikutendeka. Alifariki Julai 1909, akiwa na umri wa miaka 31.

Courant, mwaka wa 1943, alitumia wazo hilo juu ya pembetatu ndogondogo, na mwaka wa 1956 wahandisi wa ndege nchini Marekani wakachapisha mbinu ya vipande kwa ajili ya mabawa. Siku hizi kompyuta huukata mwili wa gari au ndege, pamoja na hewa iliyomo, katika maelfu ya vipande, ikatabiri ni mtetemo upi wa injini utakaoitikiwa na bati hata abiria wapigiwe kelele.

Ajabu ni kwamba mitihani yetu ingali inaliogopa kadirio kama dhambi. Mwalimu aliye tayari kulifundisha hahitaji kompyuta siku ya kwanza: bati la mraba lililokazwa katikati, mchanga mkavu wa Likoni na uta wa fidla vyamtosha.