Gbudwe, mfalme wa Wazande aliyekataa kukimbia

Kijana wa Juba aliyekulia kwenye vibanda vya video huenda asikose kuutaja umahiri wa Huo Yuanjia, bingwa wa mapigano wa China aliyefariki mjini Shanghai mwaka 1910 na ambaye filamu zimemfanya kuwa mkubwa kuliko maisha yake. Lakini ukimuuliza kijana huyo kuhusu mpiganaji aliyeuawa katika nchi yake mwenyewe miaka mitano kabla ya hapo, huenda akanyamaza. Mpiganaji huyo ni Gbudwe, mfalme wa Wazande.

Gbudwe alikuwa mwana wa Bazingbi, wa ukoo wa kitawala wa Avongara. Jina lake jingine ni Mbio, na ndilo lililozaa jina la mji wa Yambio, makao makuu ya jimbo la Equatoria Magharibi. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, mbio ni kukimbia. Mwenyewe anakumbukwa kwa kinyume chake.

Kwa desturi ya Avongara, mfalme alipofariki ufalme haukurithiwa kwa amani. Wanawe waligombania nchi kwa silaha, na Gbudwe alilipata eneo lake kwa njia hiyo. Jeshi lake lilikuwa na vikosi vya vijana na vya watu wazima wenye wake, ambavyo wakati wa amani vililima mashamba ya ulezi ya mfalme. Silaha iliyowatambulisha Wazande ilikuwa kpinga, kisu cha chuma chenye makali kadhaa, kilichobebwa nyuma ya ngao na kurushwa kwa adui. Kwa kuwa wahunzi walikifua kwa kazi kubwa, kilihifadhiwa katika makao ya watawala na kugawiwa vita vilipokaribia.

Adui wa kwanza kutoka mbali walikuwa wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliotoka kaskazini wakiwa na bunduki. Watawala wengine wa Kizande walishirikiana nao ili wapate silaha, ilhali Gbudwe alisimama dhidi yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alishindwa na majeshi ya serikali ya Misri, akakamatwa na kufungwa Deim Zubeir. Utawala huo ulipoangushwa na Wamahdi mwaka 1884, alirudi kwao na kuushika tena ufalme. Baadaye alipigana na Wamahdi hao hao, na pia na Tembura, mtawala mwenzake wa Avongara aliyeelewana na Wazungu.

Si haki kumsimulia kana kwamba hakuwa na doa. Kesi zilizofikishwa barazani kwake ziliamuliwa kwa benge, sumu aliyolishwa kuku ili kifo au uhai wake utoe jibu. Waliotiwa hatiani kwa kuzini na wake za wakubwa waliweza kukatwa viungo. Tena, Avongara walipanua utawala wao kwa kuziteka jamii nyingine, na wajukuu wa waliotekwa hawalisikii jina lake kama wanavyolisikia wajukuu wa washindi.

Mwaka 1904 vikosi vyake viliishambulia ngome ya Wabelgiji huko Mayawa, na bunduki zikavirudisha nyuma kwa hasara kubwa. Mapema mwaka uliofuata, msafara wa kijeshi wa Waingereza ulimfuata hadi nyumbani. Alikuwa mzee tayari. Simulizi za Wazande zinaeleza kwamba watu wake walimsihi ajifiche, naye akakataa kuiacha nchi yake. Alipigwa risasi na kupoteza maisha mwezi Februari 1905.

Baada yake, mipaka ya wakoloni iliwagawa Wazande katika nchi ambazo leo ni Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kiti cha Gbudwe kilibaki wazi kwa miaka 117, hadi Februari 2022 alipotawazwa mjini Yambio kitukuu wake, Atoroba Peni Rikito Gbudwe.

Sherehe hiyo ilifanyika wakati majeraha ya mapigano ya Tambura ya mwaka 2021, yaliyowafanya maelfu ya watu kuyahama makazi yao, yakiwa bado mabichi. Ndiyo maana historia ya Gbudwe si habari ya kale tu. Mfalme wa leo hana vikosi wala ghala la kpinga. Mamlaka yake yanategemea kukubalika, hata kwa wale ambao mababu zao walilijua jina hilo kwa hofu. Babu alipimwa kwa ujasiri wa kutokimbia risasi. Mjukuu atapimwa kwa idadi ya waliokimbia watakaoweza kurudi nyumbani salama.