James Parkinson, Tabibu Aliyetazama kwa Makini

Je, umewahi kumwona mzee ambaye mkono wake hutetemeka hata akiwa ameketi kimya? Huenda yupo mtaani kwenu, Temeke au Kinondoni. Soma sasa habari za mtu aliyewachunguza wagonjwa wa namna hiyo.

James Parkinson alizaliwa mwaka 1755 huko Hoxton, pembezoni mwa jiji la London, Uingereza. Baba yake alikuwa tabibu, naye akaifuata kazi hiyo. Aliona kwamba baadhi ya watu hutetemeka, huinama mbele na kutembea kwa hatua fupi za haraka. Mwaka 1817 alitoa kitabu kidogo juu ya wagonjwa 6 wa aina hiyo. Baadhi yao aliwaona njiani tu! Alifariki mwaka 1824. Baadaye ugonjwa huo ulipewa jina lake.

Leo tunajua kwamba ubongo huiamrisha misuli. Katika ugonjwa wa Parkinson, chembe hai fulani za ubongo hufa, na mwili hushindwa kwenda vizuri. Katika ugonjwa mwingine, uitwao distonia, misuli hujikaza yenyewe na kupinda shingo, mkono au mguu. Magonjwa haya hayaambukizi, wala hayaletwi na uchawi. Dawa za hospitali huweza kupunguza taabu.

Basi usimcheke mgonjwa wala usimwigize. Msaidie kuvuka barabara, na uwaeleze wazazi wako wampeleke hospitali.

Zoezi
1. Parkinson aliona dalili zipi?
2. Kwa nini si haki kumwogopa mgonjwa huyu?