Robert Koch: Bingwa wa kifua kikuu aliyelipwa na serikali kutafuta tiba ya malale Ziwa Victoria, wagonjwa 22 wakapofuka

Kila Machi 24 dunia huadhimisha Siku ya Kifua Kikuu. Tarehe hiyo haikuokotwa tu. Jioni ya Machi 24, 1882, mjini Berlin, daktari mfupi mwenye miwani na ndevu aliwaonyesha wenzake kijidudu kinachosababisha ugonjwa huo, wakati ambao Ulaya ilikadiriwa kupoteza mtu mmoja kati ya kila saba kwa kifua kikuu.

Jina lake Robert Koch. Wengi wanamjua kwa hilo. Wasichokijua wengi ni kwamba miaka 24 baadaye Koch alikuwa amepiga kambi kwenye kisiwa cha Ziwa Victoria, akiwachoma watu sindano za dawa yenye sumu ya aseniki, gharama zote juu ya serikali ya Ujerumani.

Alianza bila hata senti ya serikali

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 katika mji wa Clausthal, eneo la migodi nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi, na nyumbani walizaliwa watoto 13. Alisoma udaktari Göttingen, akamaliza mwaka 1866, kisha akahangaika kazi huku na kule. Vita vya Ujerumani na Ufaransa vya 1870 vilimkuta, akaenda kutibu majeruhi.

Mwaka 1872 akapata kazi ya daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland. Hapo hakukuwa na maabara wala fungu la utafiti. Alikuwa na hadubini, panya, na chumba cha nyumbani alichokigawa: upande mmoja anaona wagonjwa, upande wa pili anafanya majaribio. Sindano hakuwa nazo za kutosha, akatumia vijiti vya mbao kuwaambukiza panya.

Kwa vifaa hivyo hivyo akathibitisha mwaka 1876 kwamba kimeta, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza kondoo na ng'ombe, unaletwa na kijidudu maalumu. Hapo ndipo wakubwa wakamwona. Mwaka 1880 serikali ikamwita Berlin, kwenye Ofisi ya Afya ya Dola, ikampa maabara na wasaidizi. Miaka miwili tu baadaye akatoka na kijidudu cha kifua kikuu.

Kwa serikali hiyo ilikuwa faida ya haraka kuliko ilivyotarajiwa.

Mwaka 1883 ikamtuma Misri, halafu India, kufuatilia kipindupindu. Wafaransa nao walikuwa wametuma timu yao, kwa hiyo safari ile ilikuwa na harufu ya mechi ya watani. Koch akarudi mwaka 1884 akiwa ametambua kijidudu cha kipindupindu, akapokewa kama jenerali aliyeshinda vita. Serikali ikampa zawadi ya marki 100,000. Mwaka uliofuata akawa profesa wa Chuo Kikuu cha Berlin.

Dawa ya siri

Shida ya kupokewa kama jenerali ni kwamba watu wanasubiri ushindi mwingine. Mwaka 1888 Paris ilifungua Taasisi ya Pasteur, iliyojengwa kwa michango ya umma. Berlin haikuwa na kitu cha kulingana nayo. Presha ikawa kubwa.

Agosti 1890, mbele ya mkutano mkuu wa kimataifa wa madaktari uliofanyika Berlin, Koch alitangaza kwamba amepata kitu kinachozuia kijidudu cha kifua kikuu kukua. Novemba akaanza kukitoa kwa wagonjwa. Kitu hicho kikaja kuitwa tuberkulini. Alikuwa amejichoma mwenyewe kwanza, akashikwa na homa kali.

Lakini kilichomo ndani hakukisema. Ilikuwa siri.

Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka kila pembe ya Ulaya, wengine wakiwa hoi. Madaktari nao wakaja. Mmoja wao alikuwa Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes, ambaye wakati huo bado alikuwa daktari. Alirudi Uingereza akiwa na mashaka, akaandika kwamba bado mapema mno kuiita tiba. Kwa kweli aliona mbali kuliko mabingwa wengi waliokuwa wakishangilia.

Nyuma ya pazia kulikuwa na mazungumzo ya hela. Koch alitaka serikali ya Prussia imjengee taasisi yake, na alikuwa amepiga hesabu za mapato: mauzo ya dawa hiyo yangeweza kuingiza marki milioni 4.5 kwa mwaka. Yaani mtafiti, mtengenezaji na mfanyabiashara, wote ni mtu mmoja, na serikali iko mezani pamoja naye.

Hata hivyo serikali hiyohiyo ilifanya jambo moja la maana. Iliagiza kliniki za vyuo vikuu vyake zitoe taarifa: mmemchoma nani, amekuwaje?

Majibu yalipokusanywa mapema mwaka 1891, sherehe ikaisha. Kati ya wagonjwa 1,769 wa kifua kikuu waliotibiwa, waliohesabiwa kuwa wamepona walikuwa 28. Waliokufa walikuwa 55. Wakati huohuo Rudolf Virchow, mtaalamu mkubwa wa kuchunguza maiti, akaonyesha kwamba kwa baadhi ya waliokufa dawa haikuua vijidudu, bali ugonjwa ulikuwa umesambaa upya mwilini.

Januari 1891 Koch akalazimika kusema dawa ni nini: vijidudu vyenyewe vya kifua kikuu vilivyochujwa kwenye gliserini. Halafu akaondoka kwenda Misri kupumzika. Wenye ndimi kali walisema amekimbia.

Cha kushangaza, taasisi aliipata. Mwaka huohuo 1891 Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ilifunguliwa Berlin, yeye akiwa mkurugenzi. Na pesa hiyo haikupotea hata kidogo. Emil von Behring na Paul Ehrlich walifanya kazi chini ya paa lake, kazi iliyozaa tiba ya dondakoo, ugonjwa uliokuwa ukiwakaba watoto hadi kufa. Wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobel, na Behring aliipata mwaka 1901, miaka minne kabla ya bosi wake.

Tuberkulini nayo haikufa. Ilishindwa kutibu, lakini ikafaa kupima. Kipimo cha kuchoma kidogo chini ya ngozi na kusubiri kama patavimba, kinachotumika hadi leo, kinatokana nayo.

Akageukia Afrika

Maisha yake binafsi pia yaligeuka. Mwaka 1893 aliachana na mkewe Emmy na kumuoa Hedwig Freiberg, binti aliyemzidi karibu miaka 30. Berlin ikanong'ona sana. Kuanzia hapo Koch akawa mtu wa safari.

Mwaka 1896 alikwenda Afrika Kusini kwa mwaliko wa serikali ya Cape kupambana na sotoka ya ng'ombe. Mwaka 1897 akafika Afrika Mashariki ya Kijerumani, akafanya utafiti Dar es Salaam na kufuatilia tauni iliyokuwa Kisiba, magharibi mwa Ziwa Victoria. Mwaka 1903 alikuwa Rhodesia kwa ajili ya ndigana kali. Mwaka 1905 alikuwa Amani, kwenye milima ya Usambara, akichunguza homa ya papasi. Desemba mwaka huo akapokea Nobel.

Kwa nini serikali zililipa? Jibu halifichiki. Ng'ombe wakifa na vibarua wakifa, koloni halilipi.

Malale ndiyo iliwatisha zaidi. Upande wa Uganda, chini ya Waingereza, ugonjwa huo uliua watu zaidi ya laki mbili katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Wajerumani wakahofia utavuka mpaka, wakati ambao tayari walikuwa kwenye Vita vya Maji Maji. Mwaka 1906 Berlin ikatoa fedha na kumtuma Koch, akiwa na umri wa miaka 62.

Alifika Mwanza, akakuta wagonjwa ni wachache mno kwa utafiti. Kwa ruhusa ya Waingereza akahamia visiwa vya Ssese, akapiga kambi Bugala. Huko wagonjwa walikuwa wengi kupita kiasi. Wengine waliletwa kwa mitumbwi kutoka bara, wamebebwa, hawawezi kusimama.

Dawa iliitwa atoksili. Kila ilipochomwa, vimelea vilitoweka kwenye matezi na damu ndani ya muda mfupi, na wagonjwa waliokuwa taabani wakaanza kuinuka. Koch akatuma Berlin taarifa zenye matumaini makubwa, akiilinganisha dawa hiyo na kwinini kwa malaria.

Tatizo lilikuwa kipimo chenyewe. Vimelea kutoweka leo si sawa na mgonjwa kuwa hai mwakani. Baada ya miezi, vilirudi. Koch akaongeza dozi kutoka nusu gramu hadi gramu nzima. Maumivu yakawa makali, kizunguzungu, tumbo kusokota, na baadhi ya watu wakaanza kutoroka kambini. Halafu wengine wakaacha kuona. Wagonjwa 22 walipofuka moja kwa moja. Koch akarudisha dozi chini, na upofu huo akauandika kwenye ripoti.

Dozi ya aina hiyo asingeweza kuijaribu hivyo kwa wagonjwa wa hospitali ya Berlin. Watu wa Ssese hawakuwa na bunge wala gazeti la kuuliza, na majina ya wale 22 hayajulikani kama la Koch linavyojulikana.

Aliporudi Ujerumani mwishoni mwa 1907, alipewa cheo cha heshima cha Mtukufu. Serikali ikaendelea kulipia kambi za malale upande wake wa ziwa, ikiwemo Shirati, chini ya msaidizi wake Friedrich Karl Kleine, na atoksili iliendelea kutumika. Waingereza wao waliwahamisha watu wa Ssese kutoka visiwani ili kuwatenga na mbung'o.

Koch alifariki Mei 27, 1910 huko Baden-Baden, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa ndani ya taasisi aliyojengewa, ambayo leo inaitwa Taasisi ya Robert Koch na ndiyo iliyokuwa ikitoa takwimu za UVIKO-19 za Ujerumani kila siku. Amani nako utafiti wa afya haukuishia kwake: jina la mahali hapo limebaki kwenye kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, chenye makao Muheza.