Alianza Kigiriki akiwa na miaka 3: John Stuart Mill, mtoto ambaye shule yake ilikuwa meza ya baba

Mzazi anayeamua kumsomesha mtoto nyumbani hukutana mapema na maswali mawili: amfundishe nini, na amfundishe vipi?

Zaidi ya miaka 200 iliyopita, jijini London, baba mmoja aliyajibu kwa msimamo mkali. Mwanawe akaja kuwa mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa Uingereza. Lakini kabla ya hapo, nusura kijana avunjike.

Jina lake ni John Stuart Mill. Alizaliwa Mei 20, 1806, kifungua mimba katika familia ya watoto 9. Baba yake, James Mill, alikuwa Mskoti aliyeishi kwa kuandika makala, huku akihangaika na kitabu kikubwa cha historia ya India.

Shule hakutaka hata kuzisikia. Aliogopa mtoto angeokota huko mawazo ya ovyo. Basi akaamua kufundisha mwenyewe.

Ratiba ilikuwaje?

Kigiriki kilianza mtoto akiwa na miaka 3. Baba aliandika maneno kwenye vikadi pamoja na maana zake. Kisha zikaja ngano za Aesop. Akiwa na miaka 7, mtoto alikuwa ameshasoma mijadala kadhaa ya Plato, ingawa ukubwani alikiri kwamba kuna mmoja aliopewa mapema mno, hakuweza kuuelewa.

Kilatini kilifuata akiwa na miaka 8. Hesabu zilifanywa jioni, na hakuzipenda hata kidogo.

Darasa lenyewe lilikuwa meza moja. Baba upande huu anaandika kitabu, mtoto upande ule anasoma. Kamusi ya Kigiriki kwa Kiingereza haikuwepo, kwa hiyo kila neno gumu alimuuliza baba. James hakuwa mtu wa subira, lakini alivumilia kukatizwa mara kwa mara na kitabu chake kikakamilika. Kilitoka mwaka 1817.

Asubuhi kabla ya kunywa chai walitoka kutembea. Huko njiani mtoto alisimulia alichosoma jana yake, akijikumbusha kwa vipande vya karatasi alivyoandika wakati wa kusoma.

Siri ya mbinu

Wengi wanaosikia habari hizi hudhani mtoto alikuwa anakaririshwa. Kumbe ni kinyume. Sheria ya James ilikuwa hii: jambo ambalo mtoto anaweza kuligundua kwa kufikiri, haambiwi mpaka ajaribu kwanza na kushindwa.

Akiwa na miaka 13, somo la uchumi liliendeshwa hivyo hivyo. Baba anaeleza wakiwa matembezini, kesho yake mtoto analeta maelezo kwa maandishi. Yasipoeleweka, anarudia tena na tena. Maandishi hayo yalimsaidia baba kuandaa kitabu chake cha uchumi cha mwaka 1821.

Pia John alipewa kazi ya kuwafundisha wadogo zake Kilatini. Wakikosea, lawama ni zake. Kazi hiyo ilimchosha, lakini alikubali kwamba unachomfundisha mwenzako hukisahau kwa shida.

Kilichokosekana

Likizo hazikuwepo. Watoto wa rika lake wa kucheza nao pia hawakuwepo. Vitabu vya kujiburudisha, kama Alfu Lela Ulela, vilikuja kwa kuazima, na kwa kiasi kidogo. Kazi za mikono zilimshinda mpaka utu uzima. Na baba hakuwa mtu wa kuonyesha upendo, watoto walimwogopa.

Mwaka 1823, akiwa na miaka 17, John aliajiriwa katika Kampuni ya East India, ofisi moja na baba yake. Akawa pia mpiganiaji wa mabadiliko ya sheria na siasa.

Mwaka 1826, akiwa na miaka 20, akajiuliza: mabadiliko yote anayoyapigania yakitimia leo, atakuwa na furaha? Jibu alilopata moyoni ni hapana. Kuanzia hapo kila kitu kikapoteza ladha. Aliendelea kwenda kazini kama mashine, na hakuwa na mtu wa kumweleza. Baba ndiye angekuwa wa kwanza kuelezwa, lakini John aliona asingeelewa.

Nafuu ilianza siku aliyosoma kumbukumbu za mwandishi Mfaransa, Marmontel, akafika pale anaposimulia kifo cha baba yake. Machozi yakamtoka. Akajua kumbe moyo wake haujafa. Baadaye mashairi ya Wordsworth yakamfunza kile ambacho mtaala wa nyumbani ulikiacha: kulea hisia.

Hakuyatupa yote

Mill hakumlaani baba yake. Aliamini malezi yale yalimtanguliza mbele ya wenzake kwa miaka mingi. Alichokataa ni kudhani akili peke yake inatosha.

Katika kitabu chake On Liberty cha mwaka 1859, alishika msimamo unaojadiliwa mpaka leo: serikali ihakikishe kila mtoto anasoma, ipime kwa mitihani, na iwasaidie maskini kulipa ada. Lakini wapi na vipi mtoto asome, aachiwe mzazi.

Aliingia bungeni mwaka 1865 na kudai wanawake wapewe kura. Alifariki Mei 1873 huko Avignon, Ufaransa, akazikwa kando ya mke wake, Harriet. Mwaka huo huo kikatoka kitabu cha maisha yake, alimoeleza somo kwa somo jinsi baba alivyomfundisha: faida yake, na gharama yake.